Naftalini kwa Nyuzi Mia Sita na Hamsini

Mimi nikichukizwa, mate hunijaa mdomoni. Hasira ni kitu kingine. Hasira hunipanda kifuani na baada ya muda hupoa. Kinyaa hunikaa chini ya ulimi, kama mtu anayekaribia kutapika, na kinaweza kukaa hapo wiki nzima. Nyumbani kwetu, upande wa Wakuria wa Migori, dada zangu walizoea kunicheka kwa sababu sikuweza kugusa chakula ambacho nzi ametua juu yake, hata akitua mara moja na kuondoka. Kwa hivyo watu wanaponiuliza mbona nilileta vurugu yote ile kwa sababu ya nambari moja ya kemia, siwaambii habari za maadili ya ualimu. Nawaambia ukweli wenyewe: nilishindwa kumeza.

Nilikuwa nimefundisha mjini Migori kwa miaka kadhaa nilipohamishiwa shule ya wasichana ya bweni upande wa Homa Bay, ukishapita Ndhiwa. Sikujua Kijaluo zaidi ya salamu. Walimu wenzangu walizungumza nami Kiswahili, na walipotaka nisisikie walirudi kwenye lugha yao. Sikuwalaumu. Sisi pia nyumbani tunafanya hivyo wageni wakija.

Mkuu wa idara ya sayansi alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote pale. Wasichana walimpenda. Alikuwa akijua jina la kila mmoja na kijiji alichotoka. Mimi pia nilimpenda, siku za mwanzo, ingawa alikuwa na tabia ya kutafuna njugu za kukaanga kutwa nzima na kuyapuliza maganda. Maganda yale mekundu yalielea hewani na kutua kwenye chai ya kila aliyekaa karibu. Wenzangu waliyaondoa kwa ncha ya kidole na kuendelea kunywa. Mimi nilimwaga kikombe kizima.

Siku niliyomwomba anionyeshe maabara alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jamaa aliyekufa zamani.

"Maabara ipo," alisema. "Ila kwa sasa ni stoo."

Tuliiangalia kupitia dirishani kwa sababu hakuwa na ufunguo. Kulikuwa na magunia ya maharagwe, vitanda vilivyovunjika, na kanzu za kwaya zimetundikwa kwenye bomba la gesi. Popo walikuwa wamehamia darini, na mavi yao yalikuwa yamefunika meza zote, meusi, yamerundikana kama chembe za mchele ulioungua. Ndani ya sinki kulikuwa na mjusi amekauka mdomo wazi. Harufu ilipenya hata kioo kikiwa kimefungwa.

"Sasa majaribio mnafanyaje?" nilimuuliza.

Alitabasamu. "Kidijitali, madam."

Alinirudisha ofisini akafungua kompyuta yake. Alikuwa ametengeneza lahajedwali. Upande wa kushoto aliorodhesha majina ya kemikali kwa Kiingereza, yamepangwa kwa alfabeti, na kando ya kila jina kiwango chake cha kuyeyuka. Juu kabisa kulikuwa na kisanduku cha njano. Unaandika jina la kemikali hapo, na fomula ya kutafuta, ile inayoitwa VLOOKUP, inashuka kwenye safu ya majina mpaka ilikute, kisha inakuletea nambari iliyo kando yake. Hapo sikuona ubaya. Mimi mwenyewe naitumia fomula hiyo hiyo kutafuta alama za wanafunzi. Ni sawa na kufungua kitabu, ila haraka zaidi.

Kilichonishtua ni kisanduku cha pili. Hicho kilichukua nambari iliyopatikana na kuiongeza moja, au kuipunguza moja, au kuiacha ilivyo, kwa kubahatisha.

"Hiki ni cha nini?"

"Ni cha wasichana. Kila mmoja anapata jibu lake." Alipuliza ganda la njugu. "Wakiwa na nambari moja darasa zima, mtu akija kukagua atashuku."

Nilielewa polepole, kama mtu anayeonja maziwa na kugundua kuwa yameharibika baada ya kuyameza. Wasichana hawakuwa wakitafuta nambari ili waijue. Walipewa nambari, kisha wakaandika ripoti ya maabara: nilitia kemikali kwenye neli ya kioo, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto, nikaitazama, nikaona ikiyeyuka kwa nyuzi kadhaa. Maelezo hayo aliwaandikia ubaoni. Nambari ilitoka kwenye kompyuta. Yeye akaweka alama nyekundu ya vyema chini yake. Ripoti zile ziliwekwa kwenye mafaili kama kazi ya mwaka.

Nilisema nitafikiria jinsi ya kusaidia maabara ifunguliwe. Alisema hilo ni wazo zuri sana, na akanipa njugu.

Muhula huo huo walimu wa sayansi kutoka shule za jirani, wengine kutoka Kosele, wengine kutoka upande wetu wa Migori, walialikwa shuleni kwetu kujifunza mfumo wake. Walikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Projekta iliwekwa juu ya meza, na lahajedwali ikatokea ukutani, kubwa, na kisanduku chake cha njano.

"Nipeni kemikali yoyote," mkuu wa idara alisema, akisugua mikono.

Mtu alisema chumvi. Ikaja mia nane na moja, sawasawa. Mtu mwingine akasema risasi, ikaja mia tatu ishirini na saba. Watu walitikisa vichwa kwa furaha. Kisha mwalimu mmoja nyuma akasema, "Naftalini!"

Aliandika. Ukutani ikatokea: 650.

Wakapiga makofi.

Nilingoja mtu acheke. Naftalini ni vile vidonge vyeupe ambavyo watu wanaweka kabatini kufukuza nondo, na vinavyotupwa chooni kuficha harufu. Kila mwalimu wa kemia Kenya amewahi kufundisha kwamba inayeyuka kwa nyuzi themanini hivi. Inayeyuka ndani ya maji ambayo bado hayajachemka. Kwa nyuzi mia sita na hamsini, maji yangekuwa yameshakauka na neli ya kioo yenyewe ingeanza kulegea kama mshumaa. Niliangalia nyuso zilizonizunguka, watu wenye shahada, watu waliosimama mbele ya madarasa asubuhi hiyo hiyo, na wote walikuwa wakitazama ukuta kwa heshima. Wengine walipiga picha kwa simu.

Niliinua mkono.

"Mwalimu, nambari hiyo si ya naftalini. Hiyo ni ya magnesiamu."

Yeye aligeuka akatazama ukuta, na najua aliona, kwa sababu shingo yake ilikaza. Lakini alicheka.

"Mnamwona madam wetu kutoka Migori? Ana macho ya mwewe!" Watu wakacheka naye. "Ni mfano tu, madam. Hapa tunaangalia mfumo. Mfumo unafanya kazi au haufanyi?"

"Unafanya!" waliitikia.

Wakati wa chakula nilikaa na mwalimu nisiyemjua, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alikuwa akinyonya kichwa cha samaki, macho na yote, na kati ya mfyonzo mmoja na mwingine akaniambia, "Hiki kitu kitatuokoa, madam. Gesi hatuna, kemikali hatuna, lakini ripoti tutakuwa nazo." Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye saa ya mkononi. Nilisukuma sahani yangu mbali. Sikula tena siku hiyo.

Jioni nilitafuta ripoti za kidato cha tatu kabatini mwa idara. Nilitaka kuona kama nambari ile ilikuwa imeshafika kwa watoto. Ilikuwa imefika. Niliona wameandika nilipata 649, nilipata 650, nilipata 651, kwa mwandiko mzuri, mstari umepigwa kwa rula, na chini ya kila moja neno vyema. Msichana mmoja alikuwa amechora hata moto chini ya chupa na kuupaka rangi ya chungwa. Niliporejesha ripoti zile kabatini nilihisi vidole vyangu vinanata, ingawa havikuwa na kitu.

Ripoti moja tu haikuwa na nambari. Msichana huyo alikuwa ameandika maelezo yote yaliyokuwa ubaoni mpaka kufikia mahali pa matokeo. Hapo aliacha nafasi, na chini yake akaandika: Sikuiona ikiyeyuka. Alikuwa amepewa sifuri, imezungushiwa duara.

Nilimjua kwa sura. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, kutoka Sori, kule ziwani, asiyezungumza sana darasani. Nilipouliza kwa nini simwoni kwenye vipindi, mwanafunzi mwenzake alinong'ona, "Madam, yuko vyooni. Ana adhabu."

Nilimkuta huko na ndoo na brashi, sketi imekunjwa juu ya magoti. Vyoo vya shule ile vilikuwa vya shimo, na siwezi kuvieleza bila kurudiwa na kichefuchefu. Nitasema tu kwamba mtu alikuwa ametupa naftalini nyingi kila pembe, na harufu ya kinyesi na ya vidonge vile zilikuwa zimeungana zikawa harufu ya tatu, tamu, inayoingia kooni na kukaa. Nilifunika pua kwa leso. Yeye hakuwa na leso.

"Nani alikuleta hapa?"

"Mkuu wa idara, madam. Mpaka nijaze ripoti."

"Na kwa nini hujaijaza?"

Alisimama, akajipangusa paji la uso kwa sehemu ya juu ya mkono ambayo haikuwa na uchafu.

"Madam, imeandikwa niliona. Sasa nikiandika niliona, nitakuwa nimeona nini?"

Aliendelea, kwa sauti ya chini, akidhani labda namchunguza.

"Naftalini nimekaa nayo tangu nianze adhabu. Iko hapo. Vidonge vinakuwa vidogo vyenyewe tu. Lakini kuyeyuka sijaviona vikiyeyuka."

Nilimwambia aweke brashi chini, anawe, arudi darasani, na akiulizwa aseme ni mimi niliyemtoa. Alinawa mikono mara nyingi bombani. Aliporudi kukaa darasani, wasichana waliokuwa karibu naye walisogea pembeni wakishika pua. Hilo pia lilinichukiza, lakini hao walikuwa watoto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Alikuwa peke yake ofisini. Nilimwomba afungue lahajedwali, na nikamwonyesha kosa lilipo, kwa sababu nilikuwa nimeshalitafakari tangu siku ya ukumbini. Kwenye orodha yake aliandika jina la naftalini kwa Kiingereza akasahau herufi h ya kwanza. Na kwenye fomula hakuwa ameweka lile neno la mwisho linaloiamuru ikubali jina linalolingana kabisa tu. Kwa hivyo mtu akiandika jina kwa tahajia iliyo sahihi, fomula hailioni. Badala ya kusema haijapata kitu, inachukua mstari unaotangulia kwenye alfabeti na kuuleta kana kwamba ndio ulioombwa. Mstari uliotangulia ulikuwa magnesiamu.

Alitazama. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepata kijiko alichokuwa amepoteza.

"Kumbe ni h tu! Asante sana, madam." Akaiweka ile herufi. Akaongeza na lile neno la mwisho kwenye fomula. Akaandika naftalini kwenye kisanduku cha njano, ikaja themanini. "Basi. Imekwisha."

"Haijaisha. Wasichana wameandika mia sita na hamsini, na wote wamesema waliona."

"Watafuta."

"Watafuta nini?"

"Nambari. Watafuta waandike themanini." Alinitazama kwa upole wa kweli, na upole ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. "Madam, wewe ni mgeni hapa. Wazazi wa hawa watoto wanataka wapite. Mtihani hauulizi kama uliyeyusha. Mtihani unauliza ni ngapi. Mimi nawapa ngapi."

"Na yule wa Sori?"

"Huyo ana kiburi. Nimemwita mama yake."

Siku iliyofuata alipita darasani na kuwaambia wasichana wafute. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Darasa zima liliinamia madawati na nikasikia sauti ya vifutio, kwaruza kwaruza, kisha wakapuliza vumbi la mpira na kuandika tena, sabini na tisa, themanini, themanini na moja. Sasa ripoti zote zilikuwa sahihi. Hata mtu mwenye akili kuliko wote asingepata kosa ndani yake. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua ya shule, mbele ya bawabu. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baadaye.

Mama wa yule msichana alifika akiwa amevaa vizuri, kitenge kipya na viatu vya kanisani, lakini harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imemshika kwa namna isiyotoka kwa kuoga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuanika omena ufukweni na kuwauzia wafanyabiashara. Nilikuwa nimeomba nami niwepo. Tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu, mwanamke Msabato mwenye sauti ya taratibu na uso uliochoka. Msichana alisimama ukutani. Mama alizungumza Kiswahili kwa ajili yangu, cha kujikongoja, na mara kwa mara akarudi kwenye Kijaluo.

"Mwalimu, mtoto yangu ameiba?"

"Hapana, mama," mkuu wa idara alisema.

"Amepigana?"

"Hapana."

"Ako na mimba?" Aliuliza hilo akimtazama binti yake, si mwalimu.

"La, la. Amekataa kuandika ripoti."

"Ripoti ya nini?"

"Ya naftalini. Alitakiwa aandike kwamba aliiona ikiyeyuka."

Mama alifikiri. "Na aliona?"

Mkuu wa idara alikohoa. Mwalimu mkuu aliangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Nilidhani hapo ndipo mambo yatageuka. Nilikuwa nimesogea mbele kwenye kiti, nikisubiri mama yule aseme neno moja zaidi, na ningesimama naye.

Lakini alivuta pumzi ndefu, akamgeukia msichana, akamwambia kwa Kijaluo, polepole, na kufikia wakati huo nilikuwa nimejua Kijaluo cha kutosha kuelewa, "Nyathina, mwanangu, andika tu. Ni kitu kidogo. Wewe andika, umalize shule."

Msichana hakulia wakati wa adhabu, wala walipomkimbia darasani. Hapo alilia. Alilia bila sauti, mikono ikiwa nyuma, na kamasi likamtoka na hakulifuta. Mama alishuka kwenye kiti akaanza kupiga magoti mbele ya mkuu wa idara kumwombea msamaha, na yule bwana, sina budi kusema kweli, aliona aibu, alimshika mkono haraka akamwinua, akisema, "Hapana, mama, hapana, keti."

Niliwatazama wote. Sikumchukia mama. Nilichukia kwamba tulikuwa tumefika pale, watu wazima wanne ndani ya ofisi yenye kitambaa cha kufumwa juu ya kila kiti, tukimkamia mtoto aseme ameona kitu ambacho hajaona. Na dawa ya jambo lote lile ilikuwa makaa, sufuria na robo saa.

"Mwalimu mkuu," nilisema, "naomba ufunguo wa maabara."

"Wa nini, madam?"

"Aione ikiyeyuka. Kisha ataandika."

Mwalimu mkuu aliangalia tena kalenda. Nadhani alikuwa akihesabu wapi ataweka magunia ya maharagwe. Mwishowe alifungua droo.

"Jumamosi hapana," alisema. "Jumapili fanya unavyotaka. Na hao popo ni wako."

Jumapili, baada ya misa ya Wakatoliki, nilikwenda na darasa la kidato cha tatu tukafungua mlango ule. Sitasahau. Tulifunga vitambaa puani. Tulikwangua mavi ya popo kwa vipande vya mabati, na chini ya mavi tukakuta mkojo wao umeingia kwenye mbao na kuacha madoa kama ramani. Msichana mmoja alitapika mlangoni, mwingine akamfuata, kisha wote wakaangua kicheko kisichoweza kuzuilika, nami nikacheka nao, huku machozi yakinitoka kwa sababu ya ule ukali. Kanzu za kwaya tulizipeleka kufuliwa. Mjusi nilimtoa mwenyewe sinkini kwa kutumia karatasi, macho yangu yakitazama kwingine.

Ndani ya kabati la kemikali kulikuwa na mkebe wa naftalini. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa mdomoni. Mkebe haukuwa umefunguliwa na mtu yeyote tangu ununuliwe.

Gesi haikuwepo, kwa hivyo niliwasha jiko la makaa nje ya mlango na kuweka sufuria ya maji juu yake. Kipimajoto nilikuwa nimekiazima katika shule niliyofundisha zamani Migori, nikakileta kimefungwa ndani ya sweta. Tulitia naftalini kidogo kwenye neli ya kioo, tukaitumbukiza, na nikampa yule msichana wa Sori kipimajoto.

"Usiniangalie mimi," nilimwambia. "Angalia neli."

Wasichana walisongamana nyuma yake. Harufu ilianza kutoka, ile ile ya vyooni, na wengi wakafunika pua. Yeye hakufunika. Vipande vyeupe vilikaa vilivyo kwa muda mrefu mpaka mtu mmoja akasema labda mkebe umeharibika. Kisha kwenye ukingo, pale vipande vinapogusa kioo, pakaonekana unyevu.

"Inalowa," alisema.

"Subiri."

"Madam, inalowa! Imekuwa kama maji!"

"Nyuzi ngapi?"

Aliinamisha uso mpaka mvuke ukampiga. "Sabini na tisa. Hapana. Ngoja. Ndiyo, sabini na tisa."

Walipiga kelele kana kwamba shule imefunga bao. Walitaka kila mmoja aone, na tukairudia, ikapoa ikawa nyeupe tena, tukaiyeyusha tena, mpaka vichwa vikaanza kuuma na nikawalazimisha wote kusogea mbali penye hewa safi. Huko, chini ya ukingo wa paa upande wa pili, walikaa kuandika ripoti upya.

"Madam," aliuliza mmoja, "niandike themanini?"

"Kipimajoto kilisema ngapi?"

"Sabini na tisa. Lakini kitabu kinasema themanini."

"Uliona nini?"

Alinitazama, akatazama daftari la mwenzake, kisha akaandika themanini. Wengi wao waliandika themanini. Niliona nikawaacha. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mavi ya popo kwenye nywele. Wa Sori aliandika sabini na tisa.

Mwalimu mkuu alifuta ile sifuri mwenyewe, bila kunieleza. Mkuu wa idara hakuja siku ile ya Jumapili, ingawa nilimwalika. Jumatatu alinipitia mezani, akiwa mchangamfu kama kawaida.

"Nasikia mmepata sabini na tisa."

"Ndiyo."

"Vizuri sana. Nipe matokeo yote mliyopata, ya kila msichana. Nitayaingiza kwenye lahajedwali, madarasa mengine yapewe hizo. Nambari za kweli zinapishana kwa namna yake, unajua? Zile za kubahatisha mtu mjanja anaweza kuzitambua."

Mpaka leo nikiulizwa ni kitu gani kibaya kuliko vyote nilichowahi kusikia katika kazi hii, nasimulia hicho. Si vyoo, si popo, si samaki yule. Alitaka kazi ya Jumapili ile iwe chachu ya uongo wake uliobaki. Na aliiomba kwa adabu, mkono umenyooshwa, kwenye kiganja akiwa na njugu za kunigawia.

"Njoo uzione mwenyewe," nilimwambia. "Jumapili ijayo tunayeyusha nta."

Hakuja. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akawa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja upande wa Migori. Tulimfanyia sherehe, kuku na soda, na watu walimsifu kwa kuleta teknolojia. Lahajedwali ile bado inazunguka. Mwenzangu mmoja wa zamani alinitumia kwenye simu hivi karibuni, akaandika, "Ona kitu kizuri." Niliifungua. Kisanduku ni cha njano bado. Niliandika naftalini na ikaleta themanini, safi, bila kosa. Niliifuta kwenye simu na kwenda kupiga mswaki.

Maabara haijafungwa tena. Maharagwe yako kwenye chumba cha zamani cha wageni. Popo wawili watatu wamerudi, na walimu wengine wananilalamikia kwamba nimewaongezea kazi. Wanasema kweli.

Msichana wa Sori alimaliza kidato cha nne na yuko kwao kwa sasa, anamsaidia mama yake kuanika omena huku akisubiri nafasi ya chuo. Alinipigia simu wiki iliyopita. Nilimuuliza kama ataendelea na sayansi, kwa sababu nilikuwa nimejijengea picha yangu.

"Madam, hapana," alisema, na nilisikia upepo wa ziwa na wanawake wakibishana nyuma yake. "Kemia sikuipenda hata siku moja. Ile harufu ilikuwa inaniumiza kichwa. Nataka kusomea ualimu wa Kiswahili."

Nilimwambia ni sawa. Kisha mama yake akachukua simu akanisalimu, akaniuliza kama ninakula omena, nami nikamdanganya kwamba ninakula.